Wazee wa Tarehe Moja Januari

Triza Nabiswa hakujua kusema "labda". Sisi majirani zake wa Makongeni tulimzoea hivyo tangu utotoni: akisema mvua itanyesha, wewe anua nguo. Kwa hivyo mwaka wa tisini na sita kanisa letu lilipopewa kompyuta kuukuu, naye amesomea mambo hayo mjini na kuajiriwa, hatukumtafuta mtu mwingine.

Kanisani tuna desturi yetu. Kila Jumapili huitwa watu waliozaliwa tarehe za wiki hiyo, wakasimama mbele, akina mama wakawaimbia na mchungaji akawaombea. Triza aliandika programu ya kutoa majina yao. Umri wa mtu haukuhitajika, basi akauondoa mwaka, akaacha mwezi na siku tu. Kisha akamwambia Roseline, katibu wetu tunayemwita Mama Clare, azichome zile kadi za zamani zilizoandikwa tarehe zetu za kuzaliwa.

"Za nini tena?" Triza alisema, na kadi zikachomwa. Mambo yalienda sawa hadi Desemba.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo, Mama Clare alichapisha majina ya wiki ya tarehe ishirini na tisa hadi tarehe nne Januari. Karatasi ilitoka nyeupe.

"Triza, wazee wetu wako wapi?"

Swali hilo lilimchoma. Wazee wetu wengi waliingia kazi ya reli bila cheti cha kuzaliwa, na karani, asitake kujisumbua, akawaandikia wote tarehe moja Januari. Mzee Opicho, babake Triza, alikuwa mmoja wao. Alikuwa amestaafu, nyumba ya reli anairudisha, na wiki hiyo angehamia Bungoma kabisa. Hiyo ilikuwa Jumapili yake ya mwisho nasi. Angeondoka bila kuimbiwa, tena kwa kazi ya mikono ya bintiye!

"Si tuite tu wale tunaowakumbuka," Mama Clare alisema.

"Na tukimsahau mmoja? Hapana. Nipishe hapo niketi."

Aliketi, sisi wengine tukiendelea kufagia kanisa kwa ajili ya Jumapili. Wasiwasi hakuwa nao, hasira ndiyo aliyokuwa nayo. Alisoma programu yake polepole, mara akapiga meza. Programu ilikuwa inauliza: siku hii iko baada ya Desemba ishirini na nane, na pia iko kabla ya Januari tano? Ukishaondoa mwaka, hakuna siku kama hiyo. Januari inakuwa ya kwanza na Desemba ya mwisho, na hakuna anayesimama mbele na nyuma ya foleni kwa wakati mmoja. Wiki nyingine zote zilikuwa ndani ya mwaka mmoja, ndiyo maana kosa lilijificha.

"Mama Clare, wiki ikivuka mwaka, mtu akiwa upande wowote ni wetu. Awe wa mwisho wa Desemba, au awe wa mwanzo wa Januari. Mimi nilimtaka awe kote kuwili. Nilikosea, na sasa nimerekebisha."

Alijaribu kwanza wiki moja ya Juni, kuhakikisha hajaharibu kilichokuwa kizima. Kisha akachapisha. Mashine ilikoroma, karatasi zikatoka, zikazidi kutoka, mpaka Mama Clare akashika kiuno akicheka.

"Wacha! Kumbe hawa watu ni wengi hivi?"

Kesho yake wazee walijaa mbele hadi wengine wakasimama kando ya ngoma. Mzee Opicho alipoitwa, alitembea na fimbo yake akaenda kusimama kati ya watu aliotengeneza nao reli ujana wake wote. Akina mama wakaimba. Triza alilia waziwazi, nami sikuweza kumcheka kwa sababu nilikuwa nalia pia.

Nje, mzee alimshika bintiye mkono.

"Triza, hii siku ni ya karani. Mama yangu aliniambia alinizaa msimu wa mvua, kumbikumbi wakiruka."

"Najua, Baba. Nikubadilishie kwenye kompyuta? Ni kazi ya dakika."

Mzee aliwatazama wenzake waliokuwa wanasalimiana pale mlangoni. Mizigo yake ilikuwa imeshafungwa nyumbani.

"Usiniondoe," alisema. "Wacha nibaki hapo na hawa."