Mama wa Ushauri

Astérie bado anamkumbuka mama wa ushauri, yule aliyekuwa akizitembelea familia za Warundi zilizopewa makazi Rusimbi kabla hajahamishwa kikazi. Alikuwa akivua viatu mlangoni, anaamkia, anakaa mkekani na kujivutia ungo wa maharage. Vidole vyake vifupi vilichambua mawe taratibu, na daftari halikutoka mkobani mpaka chai iishe. Aliongea chini chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Miezi mitano Astérie alimjibu ndiyo na hapana tu. Siku moja, bila kuulizwa, akalitaja jina la mwanawe, Bonfils, aliyefia njiani walipokuwa wakikimbia. Vidole vya mgeni wake vikatulia juu ya ungo. Astérie akangoja aulizwe alikufaje, kama walivyomuuliza wote waliojaza fomu zake.

“Mama, alikuwa anapenda kula nini?”

“Mukeke.”

“Kumbe! Samaki hao sisi huku tunawaita migebuka. Wa kukaanga au wa kuchoma?”

“Wa kuchoma. Tena alikuwa anaanza na macho!”

Astérie akacheka, machozi yakamtoka. Mpaka alasiri alisimulia jinsi Bonfils alivyokuwa mchokozi, na alivyoogopa bata. Kwa mara ya kwanza tangu wamzike, hakusimulia kifo chake.