Kopo Lililoandikwa Usifungue

Dorika alikuwa ameshika chaki, akiwaandikia akina mama wa kisomo neno "mtama" ubaoni, Balozi Mazengo wa nyumba kumi aliposimama mlangoni akiwa amevua kofia. Mzee yule hakuwa na kawaida ya kumvulia mtu kofia.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, mwanangu. Weka chaki chini kwanza."

Akaiweka.

"Lori alilopanda kaka yako limepinduka karibu na Manyoni. Urbano hatunaye tena."

Wanafunzi wake, wanawake wenye wajukuu, walianza kulia kabla yake. Yeye alishika kitambaa akafuta ubao, akaufuta tena ulipokwisha kuwa mtupu. Juzi tu Urbano alimwomba wafuatane safari hiyo, naye akakataa, kwa kuwa mkaguzi wa elimu ya watu wazima alikuwa anakuja. Mkaguzi mwenyewe hakuja.

Urbano alikuwa mpiga sinema, na pande zile za Ikungi hapakuwa na mwingine. Miaka minne alikuwa msaidizi kwenye gari la sinema ya bure, akitandaza pazia jeupe na kuwasha jenereta vijijini. Alirudi nyumbani na kamera ya kutiwa ufunguo kama saa ya mezani, aliyopewa na mzungu mmoja wa misheni. Wachunga ng'ombe wenzake wa zamani walimcheka. "Urbano, huyo ng'ombe wako wa chuma anatoa maziwa?" Naye alijibu, "Anatoa, ila anakamuliwa gizani."

Alikuwa na daftari alimoandika mashauri kwa yeyote atakayetaka kazi ile baada yake. Dorika, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye aliyemsahihishia, kwa hiyo aliyajua kwa moyo. Filamu moja ni dakika tatu tu. Kaa na watu siku mbili bila kuitoa kamera. Wakishakusahau, ndipo uanze. Omba ruhusa kwa balozi, lakini omba na kwa mama mwenye nyumba, maana balozi hapiki pale. Usiimalize filamu kwa wakubwa walioko jukwaani; hao watapigwa picha na wengine. Ukikosa chumba cha giza, badilishia filamu ndani ya blanketi zito, vidole viwe macho yako. Na kazi hii usiifanye peke yako. Mpate mtu mmoja anayejua yote unayoyajua. Pembeni ya shauri hilo la mwisho alikuwa ameandika kwa penseli: Dorika.

Mwaka uliopita, watu walipohamia kijiji cha ujamaa, Urbano alimpiga picha za sinema baba yao, Mzee Melkizedeki, akiibomoa nyumba yake ya tembe kwa mikono yake mwenyewe, boriti baada ya boriti. Miezi miwili baadaye mzee akafa. Picha nyingine hakuacha. Filamu ile ilikuwa bado haijasafishwa, kwa sababu ilibidi ipelekwe Ulaya, na wiki hiyo mwalimu mmoja wa misheni ya Kilimatinde alikuwa anakwenda likizo kwao Ulaya. Urbano alikuwa njiani kumpelekea filamu hiyo; ndiyo safari iliyomuua.

Maiti ililetwa kesho yake, na mkoba wake pia. Katika ukoo wao, alichokufa nacho mtu safarini hufunguliwa mbele ya wote kabla ya maziko, asije mtu akasema kuna kilichofichwa. Kazi hiyo ilikuwa ya baba mdogo, Alute. Uani, jua la saa sita likiwa utosini, alitoa shati, kipande cha sabuni, rozari. Kisha akatoa kopo la bati lililozungushiwa plasta nyeusi, na maandishi mekundu juu yake: USIFUNGUE.

"Kisicho na siri huandikwa hivi?" aliuliza Alute.

Dorika alipiga magoti. "Baba mdogo, nakuomba. Humo yumo Baba. Mwanga ukiingia anafutika."

"Ndugu yangu nilimzika mimi. Kwenye kopo kaingiaje?"

"Ni picha yake. Bado haijasafishwa."

"Basi isafisheni, maji si yapo!"

Wazee wawili watatu walicheka, wakanyamaza upesi. Hapo mama yao, Mama Magdalena, aliyekaa kwenye mkeka kando ya maiti ya mwanawe, akasema, "Dorika, hata mimi nataka kumwona baba yenu."

Neno hilo lilimvunja nguvu. Alikimbia ndani, akaleta blanketi zito la kaka yake, akamwambia Alute aingize mikono humo, afungue kwa vidole, apapase, awaambie watu hakuna kingine. Alute alikubali. Dorika alibana blanketi kwenye viwiko vya mzee, midomo yake ikitamka Salamu Maria.

"Nimeondoa plasta," alisema Alute. "Kuna kitu chembamba. Kinateleza. Kimejikunja kama..."

Filamu ililegea, ikajifyatua vidoleni mwake. Alute alipiga kelele kama aliyeshika nyoka, akaruka nyuma, mikono yote miwili ikachomoka blanketini, na utepe ukamwagika uani juani.

Mama Magdalena aliuokota. Aliuinua kwenye mwanga, akaupitisha mikononi toka ncha moja hadi nyingine. Ulikuwa na rangi moja tu, kama maziwa yaliyochachuka.

"Mbona simwoni?"

"Hayupo tena, Mama."

Alute alikuwa bado amenyoosha mikono. "Irudishe, mwanangu," alisema. "Irudishe upesi, labda hajaenda mbali."

Dorika alitikisa kichwa. Akajifunika uso kwa lile blanketi, na ndipo alipolia.

Walimzika Urbano saa tisa, kando ya baba yake. Katekista Simoni aliongoza sala. Alute aliiviringisha filamu mwenyewe, akairudisha koponi, akafunga plasta, akaomba ishushwe kaburini pamoja na Urbano, ikashushwa. Mama Magdalena alitia udongo, kisha Dorika. "Nisamehe," alisema kwa sauti ndogo, "ilikuwa tufuatane." Wanaume wakafukia, akina mama wakiimba. Msalaba wa mti ukasimikwa. Alute akawashukuru waliokuja, wakanawa mikono, wakatawanyika.