Makofi ya Ghorofani

Juzi nilimwona mwenyekiti wa zamani wa chama cha watumiaji wa programu huria, zile za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadili, akivishwa skafu ukumbini kwa "kuwakomboa wananchi". Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, katika chumba cha chama hicho, ghorofani Kariakoo, kilichonuka dagaa wa duka la chini na vumbi lililoungua ndani ya kompyuta.

Mama, mwalimu wa ushonaji, alipeleka kompyuta yake huko iondolewe virusi, nami nikafuatana naye. Ndani yake mlikuwa na nakala pekee ya kitabu alichoanza kukiandika kabla sijazaliwa.

"Shikamoo, mama," walimwamkia vijana wa chama, kisha wakamsahau. Walibishana alasiri nzima ni mfumo upi wa kuendeshea kompyuta ulio huru kweli kweli, kwa jazba niliyodhani ni ya dini.

"Wewe na mfumo wako wa kitoto!" mwenyekiti alimkebehi mwenzake, akashinda ubishi, akaweka wake katika kompyuta ya mama.

"Na kitabu changu?" mama aliuliza.

"Kitabu gani tena, mama? Tumefuta vyote. Umekuja mtumwa, unaondoka huru!"

Wote wakapiga makofi, kama ilivyokuwa desturi yao kwa kila kompyuta waliyoikomboa.

Leo najua kwamba kukinakili kwanza kitabu kile kungekuwa kazi ya dakika chache, lakini wahubiri wale wa uhuru hawakuona haja ya kumwuliza mwenye mali. Siku ile niliwazidi wote kwa makofi, nikiamini machozi ya mama ni ya furaha. Tulipofika ngazini nikamwuliza amepewa zawadi gani.