Piko Hadi Kiwikoni

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilijua kila kitu. Mama, kwa bahati mbaya, hakujua lolote, nami nilikuwa nikimvumilia. Akiniita, badala ya kuitika "abee" nilijibu "nini?", kisha nikarudi kwenye daftari nililoandikia mateso yangu. Mateso yenyewe yalikuwa kukuna nazi na kwenda shule.

Siku hizo ami, kaka wa marehemu baba, alikuwa na posa ya kuniletea. Mama alimkatalia kwa jibu moja: bado mtoto, anasoma. Nilimsikia akimwambia hivyo kwenye simu, na badala ya kushukuru nikajaza kurasa tatu kuhusu dharau. Kuolewa sikutaka, wallahi. Nilitaka kuitwa mtu mzima tu.

Ikaja harusi ya binti wa jirani yetu pale Likoni. Kwetu msichana ambaye hajaolewa hapakwi piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, mikono mizima. Hayo ni mapambo ya wake za watu, au ya aliyekwisha kuposwa. Mpambaji alipomaliza kumpamba bibi harusi, nilimfuata nikamwambia nimeposwa, tena mama ameruhusu. Maskini mwanamke wa watu akapiga kigelegele, akanichora maua kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Nilijipiga picha kumi na moja, nikaweka moja kwenye stetasi na kuandika: "Nimekua." Nilisahau kwamba ami naye ana simu.

Asubuhi yake alitoka Kisauni, akavuka feri, akaingia kwetu na kanzu iliyopigwa pasi. Alimwonyesha mama ile picha.

"Shemeji, huyu ndiye mtoto?"

Mama alikuwa hajaiona. Aliitazama, kisha akaitazama mikono yangu niliyoificha ndani ya leso.

"Ni utoto huo, shemeji. Amechezea piko."

Hapo nikatoa mchango wangu. "Mimi si mtoto!"

Ami akatabasamu. "Umemsikia mwenyewe. Ijumaa inshallah nitakuja na wazee."

Mama alinivuta hadi jikoni. Nilisubiri kofi, na nilishaanza kupanga nitakavyoliandika. Lakini aliishika mikono yangu, akaigeuzageuza.

"Amekuchora vizuri," alisema. "Mimi walinichora hivi hivi, nikiwa kidato cha pili. Nilimwambia nyanyako mimi bado mtoto. Akaniambia hebu itazame mikono yako. Nililia mpaka piko ikachuruzika, wakanipaka tena."

Aliyasema hayo huku akitafuta kiberiti, maana mgeni alikuwa hajapewa chai. Nilikuwa sijawahi kumuuliza alisoma hadi wapi. Niliona haya, na nikaogopa kwelikweli.

Nilirudi sebuleni bila leso.

"Shikamoo, ami. Nilimdanganya mpambaji. Sijakua. Mimi bado mtoto."

"Na mikono hiyo?"

"Itatoka, ami."

Ami alimaliza chai yake, akaaga. Kuwapeleka wazee kumposea msichana aliyejitangaza mwongo kungemwaibisha yeye kwanza. Ijumaa hakuja mtu.

Piko ilikaa wiki mbili, nikaenda nayo shule nikichekwa. Jioni moja, maua yakiwa yamebaki kwenye kucha tu, mama aliniita.

"Abee, mama."

Nilipofika jikoni alikuwa amesimama na mwiko mkononi, amesahau aliniitia nini.