Hatari ya Wifi

Mwanamke mzima, daktari wa uzazi tayari, kisha narudi darasani kusomea mimba zenye hatari! Kwetu Mji wa Kale jambo hilo halikumwingia mtu akilini. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ndiye aliyenikalia kooni zaidi. Kila nikirudi nyumbani huniuliza, "Bado tu wasoma? Hivi hayo matumbo yana kurasa ngapi?"

Nami simwachi. Mawifi tusipotaniana watu watadhani tumegombana. Nilikuwa nikimwambia biriani yake, wallahi, ni ya kuadhibia wafungwa.

Basi akashika mimba. Zilizotangulia zilikuwa zimemtoka, na kila mara alilia mapajani mwangu mpaka leso ikalowa. Safari hii presha ikaanza kupanda, akaletwa kliniki ile ile nilikokuwa nikijifunza ubingwa wangu juu ya ubingwa.

Mwalimu wangu, daktari kutoka bara, alikuwa na sharti moja: mgonjwa aelezwe kwa lugha yake, kisha aulizwe ameelewa nini. Siku hiyo akaniachia mimi nieleze. Presha ilikuwa imezidi, mkojo nao haukuwa mzuri. Nikakaza uso.

"Wifi, mimba yako ni ya hatari. Nenda ukachukue nguo, urudi leo leo ulazwe."

"Mama, umeelewa nini?" mwalimu akauliza.

Wifi akashika kiuno. "Kuwa mimba yangu hatari!"

"Vizuri sana," mwalimu akasema, akaridhika kabisa.

Kwao bara hatari ni hatari tu, maskini. Kwetu harusi ikifana ni hatari, pilau ikinoga ni hatari, bibi harusi akitoka amependeza, hatari sana! Wifi alitoka pale akijua amesifiwa, na habari ya kulazwa akaiweka pamoja na utani wangu wa kila siku.

Alasiri kitanda alichotengewa wodini kilikuwa bado kitupu. Nikampigia kaka. "Si katoka na shoga zake," akasema, "wako ufukweni Mama Ngina wapunga upepo."

Upepo! Nikadandia tuktuk, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Nikamkuta amekaa ukutani, ndara ameziweka kando kwa vile miguu ilivyomvimba, mkononi ana sahani ya mihogo, ndimu na pilipili.

"Haya, mganga wa matumbo kaja! Njoo ule, mihogo ya leo hatari!"

Mihogo haikuwa na kosa. Nilichokiona mimi ni leso aliyojifunga kichwani, kaikaza mpaka paji la uso limefanya mikunjo.

"Kichwa chakuuma?"

"Kidogo tu. Jua hili."

Matusi yote niliyoyapanga yakanipotea. Nilijua maumivu yale yaweza kuishia wapi: kifafa cha mimba, mama aanguke pale pale, na mtoto tumboni. Nikaingiwa na hofu ambayo hakuna mwalimu aliyenifundisha niiweke wapi.

"Wifi, simama twende."

"Ai, acha mzaha."

"Sina mzaha." Na machozi haya yakatoka, mbele ya muuza mihogo na shoga zake wote. "Nakuogopea. Mtoto aweza kututoka, nawe ukamfuata."

Akanitazama. Tangu aolewe kwetu hakuwahi kuniona nikikosa la kumtania. Akaiweka sahani chini, akanishika mkono.

"Sasa si ungeniambia hivyo toka asubuhi? Wanambia hatari, hatari, nami nadhani wanisifu!"

Ndani ya tuktuk hatukutaniana. Nilimshika mkono hadi hospitali, naye hakuuondoa.

Presha ilikataa kutulia, na baada ya siku chache ikabidi mtoto atolewe kwa kisu kabla ya wakati wake. Mwalimu ndiye aliyekata, mimi nikimsaidia. Kitoto chenyewe kilikuwa kidogo hata nikaogopa kupumua karibu nacho, mpaka kikalia.

Wifi alipozinduka vizuri, mimi ndiye niliyekuwa kando ya kitanda. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Wifi. Nambie kweli. Mtoto yukoje?"

Nikamwinamia. "Hatari," nikasema.

Akanikodolea macho, vidole vimeng'ang'ania shuka. "Hatari ipi?"

"Ile ya bibi harusi."