Mama Mkwe Alimuuliza Mtoto

Nichekeni tu, nimejitakia. Sabato iliyopita kanisa letu la Kebirigo liliniomba mimi, mwalimu wa shule, nizungumze na wazazi juu ya moshi wa tumbaku na watoto. Nilifurahi mno! Tangu Uhuru hakuna mwalimu wa hapa aliyenunua gari ila mimi, na mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Nyaramba kunisikia.

Mke wangu alitangulia kwenye kwaya, akaniachia Kemunto wetu wa miezi sita. Nikamlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari, tukaondoka. Mvua ikanyesha, nikafunga vioo vyote asipigwe na baridi. Hotuba ilinitia kiwewe, nikawasha sigara, siri yangu ya miaka mingi. Kemunto akakohoa. Nikawasha ya pili, huku nikimlaani jirani yetu mvuta kiko!

Mlangoni mwa kanisa dada mmoja alimpokea mtoto, akampelekea bibi yake. Mimi nikapanda mimbarini, nikanguruma: "Anayevuta sigara mbele ya mtoto ana moyo wa jiwe!"

"Amina!"

Nikazidi kupaza sauti. Mbele yangu mama mkwe alinusa shali ya mtoto, akanusa tena. Sikuogopa, maana kwetu Wakisii mama mkwe hamkemei mkwewe. Hata kumtazama usoni ni aibu.

Na kweli hakunitazama. Alimwinua Kemunto, akamuuliza kanisa zima likisikia:

"Mjukuu wangu, ulianza lini kuvuta sigara?"