Nani Ameitikia Jina la Lopeyok?

Jina la marehemu liliitwa, na sauti ikajibu, "Nipo."

Wasike alikuwa ameshika kikombe. Chai ilimwagika pajani, hata hakusikia moto.

Msidhani ni hadithi ya gizani. Ilikuwa saa tatu asubuhi, ukumbini Lodwar, jua linawaka na watu ishirini wanasikia.

Sasa huyo Lopeyok ni nani?

Elijah Wasike alikuwa fundi mkuu wa kampuni ndogo ya umeme wa sola kule Kakuma. Lopeyok alikuwa fundi wake wa kupanda nguzo. Mwaka uliopita ilikuja nafasi moja ya mafunzo ya usalama, wiki nzima Lodwar. Barua ilimtaja Lopeyok.

Wasike akaona, zii! Mkubwa nibaki, mdogo aende kuchukua cheti? Akaenda yeye.

Alirudi na cheti. Kitabu cha mafunzo na kufuli tatu nyekundu alizopewa akavitupa kwenye droo.

"Bosi, walifundisha nini?" Lopeyok aliuliza.

"Nitawaambia. Kwanza kazi."

Aliuliza tena. Jibu lilikuwa lile lile.

Wiki ya tatu, Lopeyok akapiga simu akiwa kwenye laini ya sokoni. "Bosi, nimezima. Napanda."

Dakika nne baadaye mlinzi wa kampuni aliona swichi imezimwa, akadhani imejizima. Akaiwasha.

Lopeyok alishushwa kwa kamba.

Tangu hapo Wasike hakuwa mzima. Mchana kweupe, watu wanapiga stori, anasikia sikioni: "Bosi, nimezima. Napanda." Anageuka. Hakuna mtu.

Alibadilisha simu. Alibadilisha nyumba. Mchungaji akamuombea mpaka jasho likamtoka. Wapi!

Halafu kampuni ikaagizwa kurudisha mafundi wake mafunzoni: Wasike, na fundi mpya ambaye angekutana naye hukohuko.

Ndivyo alivyojikuta ukumbini, chai pajani.

"Aliyeitika asimame," mwalimu, Madam Chelangat, akasema.

Nyuma kabisa akasimama mwanamke. Shingo ile ile ndefu. Macho yale yale. Wasike alitaka kukimbia.

"Ejok," akasalimu kwa Kiturkana. "Mimi naitwa Akuwam. Lopeyok ni ndugu yangu, mimi ndio nimepewa kazi yake. Hawajabadilisha jina kwa orodha. Nimeitika maana hii kiti ni yake."



Kwenye mazoezi, watu wa kampuni moja walipangwa pamoja. Akuwam alizima swichi, akaifunga kwa kufuli nyekundu, akatia ufunguo mfukoni mwake. Hapo hakuna mtu mwingine aliyeweza kuiwasha.

Akaitazama sana ile kufuli.

"Ni hii tu?" akauliza polepole. "Hii tu ndio alikuwa anakosa?"

Wasike akamgeukia.

"Dada, nafasi ile ilikuwa yake. Nilimnyang'anya. Nisamehe."

"Najua."

Akatoa simu, akamwonyesha ujumbe. Lopeyok alikuwa ameandika: *Mkubwa ameenda badala yangu. Hakuna shida. Akirudi atatufundisha wote.*

Wasike alisoma mara tatu.

"Unaona?" Akuwam akasema. "Kwa nafasi hakukasirika. Lakini alikungoja wiki tatu, mkubwa. Wiki tatu, na wewe uko na hiyo kitu kwa kichwa."

Mwaka mzima Wasike alikuwa akitubu kosa dogo. Lile kubwa hakuwahi hata kulitaja.

Alilia mbele ya watu. Akuwam hakumfariji. Alisubiri amalize, kisha akamsukumia kitabu. "Haya. Nifundishe. Usiruke hata ukurasa moja."

Jumatatu iliyofuata, Kakuma, Wasike aliita watu wote: mafundi, dereva, mfagiaji, na mlinzi yule aliyewasha swichi. Aliwafundisha kutwa nzima. Kisha akawaambia Lopeyok alikufaje, na kosa lilikuwa la nani. Mlinzi alikaa chini, akafunika uso.

Barua ya kukiri kwa wakubwa Wasike aliiandika mwenyewe. Walimvua cheo. Siku hizi anapanda nguzo na ufunguo wake mfukoni, na chini Akuwam anashika ufunguo wa kufuli ya pili. Hawaongei sana.

Wewe unayesoma hapa, pengine umetoka semina juzi na tisheti yao unalalia. Ulichofundishwa si chako peke yako. Kuna mwenzako keshakuuliza mara mbili.

Mwambie leo.